Elimu ya Kuipima Nchi kwa Mbali, na Faida Yake kwa Wenye Mikarafuu



Somo letu la toleo hili si la miche wala si la kuanika karafuu. Ni juu ya elimu ambayo wataalamu wake huijua nchi, misitu na mashamba kwa picha na vipimo vinavyochukuliwa kutoka juu, kwa ndege au kwa setilaiti. Tumeona ni vyema kulileta kwenu kwa sababu mbili. Kwanza, wanachama wengi wanatuuliza watu wanaokuja na vyombo vyao mashambani wanatafuta nini, na kama iko hatari ya mtu kupoteza shamba lake kwa ajili ya picha. Pili, wazazi wanatuuliza kijana akipenda jiografia na hesabu mpaka chuo kikuu, mwisho wake ni kazi gani.

Maswali haya mawili yana jibu linalofanana. Picha ya juu ni shahidi mzuri, lakini ni shahidi asiyejua majina. Anayempa majina ni mtu wa chini, aliyetembea shambani na kuujua mti kwa mti. Tutalionyesha jambo hili kwa mifano ya kweli, tukianzia kwa jirani zetu wa Tanga, kisha Taita, kisha hapa hapa visiwani.

JANI LINAVYOJULIKANA KWA MWANGA

Kila kitu kinachopigwa na jua humeza sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na wa buluu, kwa kuwa ndio linaotumia kutengenezea chakula cha mti, na hurudisha kijani kidogo. Kijani hicho ndicho tukionacho. Lakini jani hurudisha pia mwanga mwingine, tena kwa wingi zaidi, ambao macho ya binadamu hayauoni. Wataalamu huuita infraredi. Usishangae kuwa upo mwanga usioonekana, maana hata mbwa husikia milio ambayo sisi hatuisikii.

Basi kamera ya setilaiti hupima mwanga mwekundu na infraredi mahali pamoja. Infraredi ikiwa nyingi na mwekundu ukiwa mdogo, hapo pana majani mengi yenye afya. Tofauti ikiwa ndogo, pana majani machache, au yaliyokauka, au udongo mtupu. Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Compton Tucker, alichapisha utafiti wa namna ya kuifanya hesabu hiyo, na mwaka 1985 yeye na wenzake wakachapisha uchambuzi wa uoto wa bara zima la Afrika kwa njia hiyo. Jambo ambalo watu wa miguu wasingelimaliza kwa umri wao wote, kamera ililipita kwa muda mfupi.

KIRAKA KIMOJA NA MIKARAFUU KUMI

Setilaiti ya kwanza ya kuitazama ardhi ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972, nayo ikaja kuitwa Landsat 1. Baada yake zimefuata nyingine za jina hilo, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bure kwa kila mtu. Watu wa Ulaya nao walirusha ya kwanza katika zile ziitwazo Sentinel-2 mwaka 2015.

Picha hizi si kama picha ya harusi. Kamera huigawa nchi katika viraka vya mraba, na kila kiraka hupewa namba ya mwanga wake. Tangu mwaka 1982 viraka vya Landsat ni vya mita 30 kwa mita 30. Vile vidogo zaidi vya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10.

Tufanye hesabu. Tuseme unayo eka moja ya mikarafuu iliyopandwa kwa nafasi ya futi 30 kila upande. Eka ina futi za mraba 43,560. Ukigawa kwa 900 unapata mikarafuu 48. Kiraka cha Landsat ni mita za mraba 900, yaani chini kidogo ya robo eka. Kwa hiyo kiraka kimoja kimebeba mikarafuu 10 au 11, pamoja na magugu, migomba, na pengine njia ya kupitia. Vyote hivyo vimechanganywa vikawa namba moja, kama mchuzi uliokwisha kuungwa: ulimi unajua kama ni mtamu au la, lakini hauwezi kuhesabu vitunguu. Kiraka cha Sentinel-2 kina mita za mraba 100, nacho hutosha mkarafuu mmoja na nafasi kidogo.

Mawingu nayo ni kikwazo. Kamera inayotegemea jua haioni chini ya wingu, na milima ya pwani yetu pamoja na visiwa vyetu hufunikwa siku nyingi wakati wa masika. Kwa sababu hiyo zipo setilaiti nyingine zinazotumia mawimbi ya rada, ambayo hupenya wingu. Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014, ni ya namna hiyo.

AMANI, MILIMA YA JIRANI ZETU

Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, nyuma ya mji wa Tanga, iko milima ya Usambara ya Mashariki. Wakulima wa huko ni wenzetu: wanayo mikarafuu, iliki, pilipili manga na mdalasini. Katikati ya milima hiyo ni Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Tangu mwaka 1997 msitu wa Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, wenye eneo la hekta 8,380. Maji ya mto Zigi yanayotoka katika milima hiyo ndiyo wanayokunywa watu wa mji wa Tanga. Kwa hiyo msitu huu ukikatwa, habari haiishii kwa ndege na vipepeo, bali hufika kwenye mifereji ya nyumba za watu.

Mwaka 2008 Tanzania na Norway zilipatana kushirikiana katika mambo ya misitu na hali ya hewa. Mti unapokua hujenga mwili wake kwa hewa ya ukaa inayotoka angani, na unapokatwa na kuchomwa huirudisha. Nchi itakayo kulipwa kwa kuhifadhi msitu wake hainabudi kuonyesha msitu huo una uzito gani leo, na utakuwa na uzito gani miaka ijayo. Lakini nani awezaye kuuweka msitu juu ya mizani?

Hapo ndipo ilipoingia ndege. Mwaka 2012 ndege ilipita juu ya Amani ikiwa na chombo cha leza. Chombo hicho hurusha chini mimweko ya mwanga, maelfu kwa maelfu kila nukta, na kupima muda ambao mwanga huchukua kwenda na kurudi. Mmweko mmoja hugonga jani la juu ukarudi mapema. Mwingine hupenya katikati ya matawi, ukafika ardhini, ukarudi umechelewa. Tofauti ya muda ndiyo urefu wa mti. Basi ndege ikishapita, wataalamu wanajua umbo la msitu, urefu wake, na jinsi ulivyoshonana.

Hata hivyo leza haijui uzito. Ili kuupata uzito ilibidi watu waingie msituni kwa miguu. Walipima vituo vya ardhi, na ndani ya kila kituo wakapima unene wa mti mmoja mmoja katika kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Mti wenye mizizi iliyoinuka kama mbawa hupimwa juu ya mbawa hizo. Unene huo, pamoja na urefu, huingizwa katika kanuni iliyopatikana kwa kukata miti kadhaa na kuipima kipande kwa kipande. Hatimaye hesabu ya chini hulinganishwa na vipimo vya leza vya mahali pale pale, na uhusiano wake ukishajulikana, msitu mzima hukadiriwa.

Mmoja wa walioifanya kazi hiyo ni Bwana Ernest Mauya, msomi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine cha Morogoro, ambaye alisomea shahada ya udaktari huko Norway. Mwaka 2015 yeye na wenzake wa Tanzania na Norway walichapisha jawabu la swali linaloonekana dogo: kituo cha ardhi kiwe na ukubwa gani? Walitumia vituo 30 vya Amani. Walipochukua vituo vidogo vya mita za mraba 200, makosa ya makadirio yalikuwa asilimia 63.6. Walipovipanua mpaka mita za mraba 3,000, makosa yalishuka mpaka asilimia 29.2.

Sababu yake mkulima yeyote ataielewa. Katika kituo kidogo, mti mkubwa mmoja unaweza kuwa na shina ndani ya mpaka na matawi nje yake, au shina nje na matawi ndani. Ndege inaona matawi, mtu anapima shina, na hesabu zao hazikutani. Kituo kikiwa kikubwa, miti ya namna hiyo inakuwa michache ukiilinganisha na iliyomo yote.

Tunaomba wanachama walizingatie jambo hili. Ndege ilikuwa ile ile, leza ile ile, na msitu ule ule. Kilichopunguza makosa kwa zaidi ya nusu ni kazi ya waliokuwa chini na kamba ya kupimia, waliokubali kupima eneo kubwa zaidi. Asiyetembea vya kutosha, hata leza haimwokoi.

KIJANI KINACHODANGANYA

Milima ya Usambara ni sehemu ya safu ndefu iitwayo Tao la Mashariki. Safu hiyo huanzia vilima vya Taita katika nchi ya Kenya, ikapita Pare na Usambara, ikashuka kwa Nguru, Uluguru na nchi ya Usagara, mpaka Udzungwa. Ni misitu ya kale sana, na ndani yake mna mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Mwaka 2009 kundi la watafiti, akiwamo Bibi Jaclyn Hall pamoja na Bwana Boniface Mbilinyi wa Sokoine, walichapisha kwamba milima hii imepoteza robo ya misitu yake tangu mwaka 1955.

Taita, upande wa Kenya, imekuwa shamba la utafiti la Profesa Petri Pellikka wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Huyu ni mtu aliyejenga maisha yake ya usomi juu ya elimu hii. Chuo chake kina kituo cha utafiti huko Wundanyi, ambako wanafunzi wa Finland na wa Kenya hufanya kazi pamoja.

Pellikka na wenzake walizitafuta picha za ndege zilizopigwa mwaka 1955 na mwaka 1995. Mwaka 2004 wakapiga nyingine kwa kamera mpya. Kisha wakazilinganisha, msitu kwa msitu, katika vipande 6 vya misitu ya asili. Majibu yao yalitoka mwaka 2009. Ukiutazama msitu wote kwa jumla, eneo lake halikupungua sana katika miaka hiyo 49. Mtu wa haraka angelisema, "Alhamdulillahi, Taita iko salama." Lakini walipotenganisha msitu wa asili na miti iliyopandwa, waliona kwamba nusu ya msitu wa asili, yaani hekta 260, ilikuwa imekwisha kugeuzwa mashamba na vichaka. Pengo lilizibwa na misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni iliyopandwa mahali palipokuwa patupu.

Kwa mtu wa mbali, kijani kilibaki kijani. Kwa chemchemi, kwa ndege wa msituni, na kwa mwanamke atafutaye dawa ya miti shamba, hicho si kijani kile cha kwanza.

Huko Usambara ya Mashariki pana mfano mwingine ulio karibu nasi zaidi. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo wakulima wengi waliipanda chini ya miti mikubwa ya msitu. Vichaka na miche ya chini hufyekwa, miti mikubwa huachwa. Kamera ya juu huona vilele vya miti ikasema, "Huu ni msitu." Atembeaye chini huona hakuna mche wa kurithi nafasi ya mti mkubwa utakapoanguka. Habari hiyo haimo katika picha. Imo katika miguu na ulimi wa mkulima.

VISIWANI KWETU

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na kusaidiwa na Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Vijana wa SUZA walifundishwa kuzirusha. Eneo lililokusudiwa lilikuwa kama kilomita za mraba 2,300, yaani Unguja na Pemba. Ndege hizi huruka chini, kwa hiyo viraka vyake ni vya sentimita chache tu. Katika picha ya namna hii mkarafuu mmoja unaonekana peke yake, na bati la paa linaonekana.

Kabla ya hapo, na baada yake, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Turku cha Finland walifanya utafiti hapa, wakiongozwa na Profesa Niina Käyhkö, pamoja na wenzao wa Zanzibar. Mwenzake mmoja, Bibi Nora Fagerholm, alitumia njia ambayo tunaipenda. Waliwapelekea wanavijiji picha ya kijiji chao iliyopigwa kutoka juu, wakawapa shanga, wakawaomba waziweke mahali wanapopata kuni, maji, dawa, chakula, na mahali wanapopaona pana heshima au uzuri. Ikadhihirika kwamba mahali ambapo mgeni angepaita "kichaka kisicho na kazi" ndipo watu walipopata mahitaji yao ya kila siku. Picha ilitoka juu, lakini ramani yenye maana ilitoka vijijini.

Sasa tuulize: picha ya juu inaweza kutwambia nini juu ya mikarafuu yetu? Inaweza kutwambia wapi pana miti na wapi pana mapengo. Inaweza kuonyesha miti inayokauka katika sehemu moja, kabla watu wa sehemu nyingine hawajapata habari. Inaweza kulinganisha mwaka huu na miaka kumi iliyopita. Baada ya tufani ni msaada mkubwa. Wazee wanaikumbuka kwa masimulizi tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, na kuifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, kikatukumbusha kwamba mambo hayo hayakwisha. Aliye na picha ya kabla na picha ya baada anaweza kuonyesha hasara yake bila ya ubishi mrefu.

Na je, haiwezi kutwambia nini? Haisemi kama mti unazaa sana au umekuwa wa kivuli tu. Haioni mche wa miaka miwili ulio chini ya migomba. Mkarafuu, mwembe na mfenesi, rangi zao kutoka juu hukaribiana, na asiyeambiwa anaweza kuhesabu miembe akasema karafuu. Haijui kuwa katika desturi zetu mti huweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. Wala haijui ni mjane gani anayechuma miti mitatu ya fungu lake kila msimu, katika shamba ambalo kwenye picha linaonekana ni moja.

Hapa ndipo penye jambo la kutushughulisha. Hesabu za mikarafuu hutumiwa katika kupanga ugawaji wa miche, barabara, na misaada baada ya maafa. Hesabu ikifanywa na watu wasiotuuliza, makosa yake yatatuangukia sisi, si wao. Mwenye shamba anayefunga njia kwa hofu huondoka katika hesabu, na pengo lake hujazwa kwa kukisia.

NJIA YA KIJANA

Kwa wazazi tunasema hivi. Kijana atakaye elimu hii ashike hesabu, jiografia, fizikia na baiolojia tangu sekondari, na asiogope kompyuta. Shahada ya kwanza anaweza kuisoma hapa nchini. Sokoine inafundisha mambo ya misitu na kilimo. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kinafundisha upimaji wa ardhi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SUZA nazo zimo. Kuanzia mwaka 2017 vyuo hivi vinne vilishirikiana na Turku kuikuza elimu ya ramani za kompyuta. Nairobi nako kipo kituo cha nchi za Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinachofundisha upimaji na utazamaji wa nchi kwa mbali.

Baada ya shahada ya kwanza huja ya uzamili, kisha ya udaktari, ambayo huchukua miaka mitatu, minne, au zaidi. Humo mwanafunzi hupewa swali moja ambalo bado halijajibiwa na mtu, alijibu kwa ushahidi, kisha akalitetea mbele ya wajuzi. Tumeona swali la Bwana Mauya: kituo kiwe na ukubwa gani? Usidhani ni dogo. Kwa jawabu lake, wengine hawatapoteza fedha na miezi kwa kupima vibaya.

Maisha ya msomi wa namna hii ni nusu msituni na nusu mezani. Asubuhi yu mtelemkoni na kamba ya kupimia, mvua inamnyea. Mwezi unaofuata yu mbele ya kompyuta akilinganisha namba. Akichapisha, wenzake wa nchi nyingine humsahihisha, naye hushukuru. Kisha huanza swali jipya. Mwaka 2021 Mauya alichapisha kazi nyingine, sasa kwa kutumia picha za setilaiti badala ya leza ya ndege, maana leza ni ghali na setilaiti nyingi ni bure.

Mabinti pia wasisahauliwe. Tumetaja hapo juu Bibi Hall, Profesa Käyhkö na Bibi Fagerholm. Kazi hii haiulizi nguvu za mabega, inauliza subira na akili.

Tena kijana aliyekulia katika mikarafuu anayo mali ambayo mwanafunzi wa mji wa mbali hana. Anaijua mikarafuu ya babu na ya juzi, anajua mwaka wa neema na mwaka wa ukame, anajua karafuu za mpeta na zilizochumwa kwa wakati wake. Akiongeza elimu ya picha juu ya hayo, atakuwa na macho mawili ambapo wengine wana moja.

MAMBO YA KUFANYA

Kamati inawashauri wanachama kama ifuatavyo:

1. Wakija watu na vyombo, waulizwe kwa adabu: wanatoka chuo gani au idara gani, kibali chao ki wapi, na kama Sheha ana habari. Mtafiti wa kweli haoni haya kuonyesha kibali.

2. Kwa ndege ndogo zisizo na rubani, waombwe kutangaza siku na saa mapema, ili walio nyuani wajisitiri. Hili ni haki ya heshima ya nyumba, wala si uadui na elimu.

3. Wakipita shambani, fuatana nao. Waambie umri wa miti, iliyokufa na mwaka iliokufa, na miche iliyofichwa na kivuli. Neno lako moja linaweza kusahihisha viraka mia.

4. Waulizwe picha na ramani zitarudi lini, na kwa lugha gani. Mavuno ya utafiti nayo yana mwenyewe.

5. Kila mwanachama aandike daftari la shamba lake: idadi ya mikarafuu, mwaka wa kupandwa, iliyokufa, na pishi zilizopatikana kila msimu. Daftari hilo likikaa pamoja na picha ya juu, huwa ushahidi mzito. Bila daftari, tutabaki kubishana na picha kwa maneno matupu.

6. Ikumbukwe kwamba picha si hati. Haimpi mtu shamba wala haimnyang'anyi. Mwenye shaka juu ya mpaka au haki yake aende katika ofisi za ardhi na karatasi zake na mashahidi wake, wala asingoje kamera imhukumie.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wanachama wanaokutana katika matawi wanaweza kuyajadili haya pamoja na vijana wao:

1. Kwa nini kamera hupima mwanga ambao jicho halioni?

2. Shamba lako lina eka ngapi? Litachukua viraka vingapi vya Landsat, ikiwa eka moja ni viraka vinne na nusu?

3. Huko Amani, makosa yalipungua kwa sababu gani, ikiwa ndege haikubadilishwa?

4. Katika Taita, eneo la msitu lilibaki karibu sawa. Ni kitu gani basi kilichopotea?

5. Taja mambo matatu ya shamba lako ambayo picha ya juu haiwezi kuyajua mpaka uambie wewe.

Majibu ya swali la tano yaandikwe na yaletwe kwa Katibu kabla ya msimu wa kuchuma kuanza. Kamati itayakusanya tawi kwa tawi, yawe tayari kukabidhiwa kwa wapimaji watakaokuja, ili wakute kisiwa kinachojua kujieleza. Kuuliza si ujinga, na kujibu kwa daftari ni bora kuliko kujibu kwa kumbukumbu.

Wenu katika kazi,

Katibu wa Chama